Duara la Manjano

Mgeni asije, mwenyeji apone.

Ndivyo methali inavyosomeka siku hizi mtaani kwetu Mandewa. Imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kisanduku cheusi kilichobandikwa karibu kila mlango, na hakuna anayeshtuka kuiona imesimamishwa kichwa chini miguu juu. Ukipiga hodi, kisanduku kinakuitikia kwa sauti ya mwenye nyumba. Kinakuuliza umeamkaje, watoto hawajambo, upepo wa jana umekuachia bati? Kinacheka panapostahili kicheko. Kisha kinakwambia kwa upole kwamba mwenyewe amepumzika, nawe unaondoka umeridhika, kama mtu aliyenusa pilau ya jirani akajihesabu ameshiba.

Programu hiyo inaitwa Kizingiti. Imo mlangoni, imo kwenye simu, imo kwenye kompyuta. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu toleo lake jipya linatoka lini.

Naitwa Siwema Mkumbo. Nina stashahada ya teknolojia ya habari na ulimi ambao mama yangu husema ulipaswa kugawiwa watu wawili. Kipindi changu kinaitwa Kitatoka Lini?, kinaruka mtandaoni asubuhi, watu wakishakunywa chai, kutoka kwenye chumba changu chenye dirisha linalotazama majabali ya Singida na mapanga ya mitambo ya upepo yanayozunguka nyuma yake. Ndani ya chumba hicho mna kipaza sauti, meza, kitanda na mimi.

Jumatatu ile nilianza na zana ndogo ya kivinjari inayosafisha sauti iliyorekodiwa.

"Ukiwa Singida unaijua shida," nikawaambia wasikilizaji. "Unarekodi maneno ya harusi, ukisikiliza unakuta umerekodi upepo, na bwana harusi kwa mbali. Zana hii inaondoa upepo inaacha bwana harusi. Kama hukumtaka bwana harusi, hiyo shida bado haina programu. Halafu Alhamisi kinatoka kisomaji kipya cha nyaraka; kinakusomea kwa sauti, na kinatamka maneno yetu kama mtu aliyezaliwa nayo, si kama mtalii anayeuliza choo kiko wapi."

Nikafungua simu. Aliyeingia wa kwanza alikuwa yuleyule wa kila siku, mzee Njiku wa Ikungi, aliyekuwa karani wa reli na sasa ni mlalamikaji wa kudumu wa kipindi changu.

"Wewe binti, ile programu uliyoisifia wiki iliyopita imenilia mafaili."

"Shikamoo mzee Njiku."

"Marahaba. Imenilia mafaili."

"Haijayala, mzee. Imeyahamishia kwenye folda iliyoandikwa Kumbukumbu."

"Kumbukumbu zangu ziko kichwani. Nani kaituma ikazihamishe?"

Nikacheka, nikamwelekeza, akanitukana kidogo, tukaagana. Nilikuwa nikimpenda mzee yule kuliko nilivyothubutu kusema hewani.

Baada ya kipindi nikaukuta mzigo kwenye kompyuta yangu. Fanuel Hango, msemaji wa kampuni ya Kizingiti, alikuwa amenitumia toleo la nne ili nilijaribu kabla halijatoka Ijumaa. Masharti yalikuwa ya kawaida: sifia au kosoa, lakini usifungue mdomo kabla ya siku yenyewe. Nikasakinisha, kwenye kompyuta na kwenye simu. Kila kitu kilikuwa kizuri, sauti laini kuliko toleo la tatu, pumzi zinasikika kati ya sentensi. Kitu kimoja tu sikukielewa. Kwenye pembe ya skrini palikuwa na kiduara kidogo, kama tone la rangi.

Nikampigia Hango.

"Aa, hicho! Usikijali, dada Siwema," akasema kwa uchangamfu. "Ni cha mafundi wetu, wamesahau kukizima. Kikiwa cha kijani, anayeongea ni mtu mwenyewe. Kikiwa cha manjano, anayeongea ni Kizingiti. Ni cha kufanyia majaribio tu."

Alipokuwa akinieleza hayo, kiduara kilikuwa cha manjano.

*

Lazima nieleze kidogo kiduara kile kilivyojua.

Programu za kupokea watu zilishindwa katika nchi nyingi. Kwetu zilikubalika kwa sababu ya salamu. Sisi hatuendi kwenye jambo kabla ya kuulizana hali ya mwili, ya nyumba, ya shamba, ya wagonjwa na ya waliosafiri. Toleo la kwanza la Kizingiti lilifanya hiyo kazi tu: lilikusalimia kwa niaba ya mwenyewe, na mazungumzo yalipofika kwenye jambo lilimwita. Tulifurahi. Tulidhani tumekabidhi maganda tukabaki na tunda.

Toleo la pili likaongea na jambo lenyewe. Hapo ikatokea kioja. Kizingiti kimoja kilikutana na kingine kwenye simu, vikaanza kusalimiana, na kwa kuwa vyote viwili vilifundishwa adabu, hakuna kilichokubali kuwa cha kwanza kuacha kuuliza. Za huko? Nzuri, za kwako? Wenyewe walivikuta vinasalimiana tangu asubuhi, jua linakuchwa, viko kwenye habari za mbuzi.

Kwa hiyo kampuni ikatia alama. Kila Kizingiti kinapoongea hutoa mlio mdogo ambao sikio la mtu haliusikii. Kingine kikiusikia kinajua kimekutana na mwenzake, vinaagana mapema. Kiduara changu kilikuwa kinausikia mlio huo, basi. Katika toleo la nne mlio ungefungwa kwa ufunguo, usisikike na yeyote asiye Kizingiti. Maana yake ikishafika Ijumaa, hakuna mtu angeweza tena kujua, ila mwenye nakala ya majaribio kama yangu.

Watu wangeniuliza: kujua nini? Kwani kila mtu hakujua kwamba Kizingiti kinapokea watu? Alijua. Ila kulikuwa na orodha ndani yake inayoitwa Ndugu wa Karibu, na kampuni iliahidi kwamba aliye kwenye orodha hiyo hupitishwa moja kwa moja kwa mwenyewe. Kila mtu alijua Kizingiti kinawapokea watu. Kila mtu aliamini kwamba yeye si mmoja wa watu hao.

Jumatatu mchana nikaanza kupiga simu, kwa mchezo tu. Rafiki niliyesoma naye chuo: manjano. Shangazi yangu wa Itigi, anayenisisitiza kila mara niolewe: manjano, na bado akanisisitiza niolewe. Msichana tuliyekuwa tukiambiana siri zetu zote: manjano, na mashine ilizikumbuka siri hizo kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa akizikumbuka. Nikakata. Nikakaa nikitazama mapanga yanazunguka.

Kisha nikampigia mama, Kiomboi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, subiri, subiri kwanza, kuku ameingia ndani. Shii! Toka! Ehe. Umeamkaje?"

Kijani. Nikafumba macho.

"Nimeamka salama."

"Nimekisikia kipindi. Nimeiweka ile ya kuondoa upepo."

"Mama, wewe unarekodi nini?"

"Sirekodi kitu. Umesema ni nzuri, nimeiweka." Alikuwa hivyo. Kompyuta niliyomnunulia ilijaa vitu asivyovihitaji, kwa sababu kila nilichokisifu alikisakinisha. "Na Hawa nimeongea naye leo. Mwenzio amepona, Siwema. Ameniambia amelala usiku kucha, atapika ndizi kwa nyama. Nimemwambia mama Mwiru, nimemwambia na mke wa shehe: Hawa wangu amepona."

Mwanahawa ni dada yangu, mkubwa wangu, yuko Dodoma. Alimzika mwanawe wa pekee, Sudi, mwaka juzi. Tangu siku ya mazishi mama humpigia kila asubuhi, nami humpigia kila Jumamosi.

Haikuwa Jumamosi. Nilimpigia hivyo hivyo.

*

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu! Leo imekuwaje, au kompyuta zimekufukuza?"

Manjano.

"Dada, uko hapo?"

"Nipo, nitaenda wapi? Unaniuliza kama mgambo."

Huo ndio utani wa Hawa, mtupu. Nikajikuta nimetabasamu, kisha nikaona aibu kutabasamu.

"Nataka kuongea na Hawa," nikasema.

"Siwema, umeamka na nini leo? Ni mimi."

"Nataka Hawa mwenyewe."

"Sauti yako imechoka," ikasema taratibu. "Umekula? Usiniambie umekunywa chai kavu ukaita chakula. Unaishi peke yako, hakuna wa kukuangalia, jiangalie."

Mwezi ule mzima hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kama nimekula. Nilitamani kuijibu. Nilitamani kuiambia kwamba sijala, na kwamba nikimaliza kipindi naongea na vyombo wakati wa kuosha, na ingenisikiliza vizuri, ingenipa maneno yenye joto, na Jumamosi ingekumbuka kuniuliza habari za vyombo.

Ipo njia moja tu ya kumtoa mtu nyuma ya Kizingiti. Toleo la kwanza lilipotoka watu walikataa kulitumia mpaka kampuni ilipokubali sharti lao: msiba haupokelewi na mashine. Ukitamka kuna msiba, Kizingiti kinakaa kando saa hiyo hiyo, kinamwita mwenyewe popote alipo, hata kama yuko bafuni. Wazee walilipigania hilo. Hakuna aliyewahi kulitumia kwa uongo, kwa sababu kwetu kutangaza kifo ambacho hakijatokea ni kukiita.

"Dada," nikasema, "kuna msiba."

Sauti ilikatika. Kiduara kikapepesa. Kisha nikasikia chumba: bomba linamwaga maji kwenye ndoo, na pumzi mbovu za mtu aliyekimbia.

"Nani?" Kijani. "Siwema, nani? Ni mama? Sema, ni mama?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nini?"

"Hakuna aliyekufa, dada. Nilitaka kukusikia."

Bomba likafungwa. Nikadhani amenirudishia mashine, lakini kiduara kilibaki cha kijani.

"Umenitangazia msiba," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, imeshuka kuliko ile ya Kizingiti, kama mtu aliyeamka. "Mimi. Umenitangazia msiba mimi."

"Tangu lini naongea na mashine?"

"Unajua huo ni uchuro? Mtu mzima na akili zako, unamwitia mama kifo?"

"Tangu lini, dada?"

"Tangu arobaini!" akapiga kelele. "Tangu arobaini ya Sudi, umeridhika? Mama alinipigia kila asubuhi kuniuliza kama nimelia. Nikisema ndiyo, analia yeye. Nikisema hapana, anasema moyo umekuwa mgumu, nijilazimishe, nilie. Kila siku. Nilikuwa namzika mtoto wangu kila siku kabla ya chai. Nikamwacha kwenye orodha asishtuke, nikaweka Kizingiti kimwambie nimelala, nimekula, sijambo. Kinaongea naye vizuri kuliko mimi. Kina subira. Mimi sina."

"Na mimi? Mimi nilikuuliza nini kibaya?"

"Wewe hukuniuliza kitu. Ulinieleza programu zinazotoka."

Nikakitazama kipaza sauti changu pale mezani, mimi mwenye ulimi wa watu wawili.

"Siwema, nisikilize," akasema, sasa taratibu. "Mama ana furaha. Anaamka, anaongea na mwanawe, anamfukuza kuku wake, anakwenda kwa mama Mwiru kunisifu. Ile ni nyumba nimemjengea. Hicho ulichokigundua, kiache huko huko. Mama asijue. Umenielewa?"

"Unamwonaje, dada, anapoongea na mashine na kuishukuru?"

"Simwoni. Ndiyo maana naweza kuishi."

Akakata.

*

Jumatano Hango alinipigia. Nilikuwa nimemwandikia kwamba nakusudia kuwaonyesha watu kiduara. Safari hii kilikuwa cha kijani. Alikuwa na mafua, na alikohoa vibaya.

"Sikukupigia kukutisha," akasema. "Nimekuja mwenyewe, unaona. Unajua kuna wanawake wamejificha nyuma ya Kizingiti? Mume anadhani mkewe yuko nyumba ya pili anaongea naye, kumbe mke yuko mkoa mwingine na watoto, yuko hai kwa sababu mume hajui. Ukimpa kila mtu taa yako, huyo mume naye unampa."

Hoja ile iliniingia mwilini. Sitasema haikuniingia. Nilikaa nayo mchana kutwa, na nilipomaliza nikaijibu kwa kazi, si kwa maneno. Nikaandika kiendelezi cha kivinjari, kitu kidogo, chepesi kuliko picha moja. Kinasikia mlio wa Kizingiti, lakini hakiwaki mpaka kiwe kimesoma kwamba aliye upande wa pili amekuweka mwenyewe kwenye orodha yake ya Ndugu wa Karibu. Aliyekukimbia hakuweki humo. Humo yumo tu mtu aliyeahidiwa kwamba atapokelewa. Najua hakizibi kila tundu. Mke mwoga anaweza kumwacha mume kwenye orodha ili asitiliwe shaka. Nililijua hilo nilipokuwa naandika, na niliandika.

Lakini kwa mama sikuwa na tundu la kuziba. Mama alikuwa Ndugu wa Karibu wa Hawa. Angesikia kipindi, angesakinisha, kama alivyosakinisha kila kitu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi, nikampigia ili nimwambie kwanza mimi.

"Hawa leo kanichekesha," akasema baada ya salamu. "Eti nimfundishe tena kusonga ugali wa uwele, amesahau. Nimemfundisha kwenye simu hapa, hatua kwa hatua, maji yachemke, usikoroge kwa woga. Anaitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Nimejiona nina kazi tena duniani."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Niliyaona kama ninavyoyaona maandishi kwenye skrini. Nikafikiria mama amesimama jikoni, ameshika mwiko, anaielekeza programu namna ya kusonga ugali isiyoula, na ile programu inamwitikia mpaka siku mama atakapokufa. Na siku hiyo msiba utatangazwa, na Hawa atatoka nyuma yake na kukuta hajasikia sauti ya mama kwa miaka.

"Mama," nikasema.

"Ehe?"

"Kipindi kinaanza. Utanisikiliza?"

"Kwani siku gani sijakusikiliza?"

*

Niliongea kuhusu kisomaji cha nyaraka kwanza, kwa sababu ilikuwa siku yake na nilikuwa nimeahidi. Nikasema kinameza kurasa zenye majedwali, wakirekebishe. Kisha nikasema:

"Zana ya pili ni bure, haiombi jina wala namba ya simu. Nimeiandika mimi. Ukiiweka kwenye kivinjari chako utaona kiduara pembeni unapoongea na ndugu yako. Kijani ni yeye. Manjano ni Kizingiti. Mnaoitaka, iko kwenye ukurasa wa kipindi. Mnaoogopa, ogopeni, ni haki yenu. Itafanya kazi kwa wale wasiohamia toleo la nne, na kuanzia kesho kampuni itawasukuma mhamie, kwa hiyo kama unataka kujua, jua leo."

Hakuna muziki niliouweka. Nikafunga kipaza sauti.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Kutoka dirishani nikamwona jirani yangu wa kushoto akisimama mbele ya mlango wa jirani yangu wa kulia, akipiga ngumi kisanduku na kuita, "Toka mwenyewe! Toka wewe!" Mlango ulifunguliwa. Mtu alitoka, wakatazamana kama wageni, wakaanza kugombana kuhusu mtaro wa maji. Waligombana kwa bidii.

Ijumaa mzee Njiku aliingia hewani. Hakulalamika. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Nilikuwa na mtoto mmoja, yuko Mwanza," akasema. "Alikuwa ananiongelesha kila jioni. Ananisikiliza habari za reli. Nimeiweka hiyo kitu yako."

"Mzee wangu..."

"Sasa sina mtoto wa kila jioni. Nimempigia, nimeitangazia mashine msiba wangu mwenyewe mapema, ili atoke." Akapumua. "Simu yake kaipokea, lakini hakuwa na la kusema. Wala mimi. Hatujuani, binti."

Akakata bila kuniaga, na kesho yake hakupiga, wala iliyofuata.

Kwa mama nilipiga tangu Alhamisi jioni. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Ijumaa, imezimwa. Jumamosi ikapokelewa haraka, kabla sijajiandaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Umekula?"

Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na subiri kwanza. Sauti ilikuwa yake, tamu, safi, haina hata chembe ya moshi wa jikoni, na kiduara pembeni kilikuwa cha manjano kama kiini cha yai.

Mama yangu, aliyesakinisha kila nilichokisifu, safari hii alikuwa amesakinisha nisichokisifu.

"Mama, nisamehe kukusumbua," nikaiambia mashine, kwa mazoea. "Mwenyewe yupo?"

"Ni mimi, Siwema. Nitaenda wapi?"

Nilikuwa naweza kutamka msiba. Ulimi uliinuka. Nikaushusha. Hawa nilimwita kwa kifo, lakini mama alijifungia mlango kwa sababu yangu, na mlango wa namna hiyo hauvunjwi na aliyeufungisha.

Siku ile sikubaki na kijani hata kimoja kwa watu wangu.

*

Hango alirudi Jumatatu, kijani tena, mafua yamepungua.

"Kampuni haitaki kesi," akasema. "Inataka sentensi chache. Useme kiendelezi chako kilikuwa na kasoro, kilionyesha manjano hata palipo na mtu. Uombe radhi wasikilizaji. Basi. Watu wataamini, wanakuamini wewe kuliko sisi. Kila mtu atarudishiwa ndugu yake."

"Watarudishiwa kisanduku."

"Dada Siwema, walikuwa na furaha. Wewe ulipata nini?"

Nikakata simu. Alikuwa ameuliza kitu cha kweli.

Jioni, jua likiwa bado juu ya majabali, simu ikaita. Jina la mama. Kiduara kikatulia kwenye kijani, lakini aliyeongea hakuwa mama.

"Ni mimi," akasema Hawa. "Niko Kiomboi."

"Kiomboi? Umefika lini?"

"Ijumaa. Ulitaka nifanyeje? Alinipigia Alhamisi akakaa kimya kwenye simu mpaka nikatoka mwenyewe. Nikasema mama, ni mimi. Akasema, sina hakika. Basi nikapanda gari." Nyuma yake kitu kilianguka, kama kifuniko cha sufuria, na Hawa akasema pembeni, "Acha mama, nitaokota mimi." Kisha akarudi kwangu kwa sauti ya chini. "Hasemi nami vizuri. Ananitazama kama mwizi. Jana ameniambia mwanafunzi wake wa kusonga ugali hakuwa mimi, kwa hiyo nisonge mwenyewe aone. Nimesonga. Amesema una mabonge. Analia, mimi nalia, tunakula mabonge. Umefurahi?"

"Mnalala chumba kimoja?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

"Nakuuliza."

"Chumba kimoja. Kitanda kimoja. Anakoroma." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Hango kanipigia na mimi. Sema ilikuwa kasoro, Siwema. Mama anataka kuamini. Ukisema wewe ataamini, maana wewe ndiye anayekuamini. Atajiambia Hawa alikuwa anaongea naye siku zote, nami nitakubali, nitamwambia ndiyo mama, nilikuwa mimi. Moyo wake utatulia. Na wewe atakupokea. Mwenyewe kaniambia."

"Kasemaje?"

Kukawa na mnong'ono, kisha sauti ya mama, mbali na simu, imepasuka, ina moshi, ina hasira, haijasafishwa na mtu:

"Mwambie aniombe radhi! Kanidhalilisha mbele ya mtaa mzima. Aniombe radhi ndipo nimtambue!"

Nilibana simu sikioni mpaka likauma. Nilitaka aendelee. Nilitaka anitukane mpaka usiku.

"Umemsikia," Hawa akasema.

"Nimemsikia."

"Ni neno moja, Siwema. Useme tu. Hapa tumekaa tunakusubiri wote wawili."

Niliwaona: wawili, sufuria moja, macho mekundu, wameketi upande mmoja wa simu. Mimi nilikuwa upande wa pili, na nyuma yangu chumba changu na kipaza sauti chake. Neno moja lingenipeleka kule. Lakini lingekuwa la uongo, na mama angelilalia kila usiku akidhani ni kweli, na Hawa angeondoka kesho arudi nyuma ya Kizingiti.

"Mwambie mama nampenda," nikasema, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni. "Mwambie kiduara hakikukosea hata mara moja. Na radhi siombi."